Ghala Lenye Mtu Asiyeitika

Wanaofika Mawinguni kwa mara ya kwanza husifu mambo mawili: usafi wa barabara na upesi wa maghala. Bi Siwema Ngulume, mpima mto wa mji wa Kilangawe, aliyakubali yote mawili siku aliyofika, akayaandika katika daftari lake, na hakuyafuta hata baadaye alipokuwa na kila sababu ya kuyafuta. Ghala huko kweli hupatikana upesi. Mtu huandika dai lake kwenye karatasi, hutaja idadi ya rafu anazotaka, huitumbukiza karatasi katika tundu la ukutani, na kabla hajafunga kalamu, mlima umeshachongwa chumba chenye rafu, mlango na ufunguo mmoja. Hakuna mtu anayeshika sururu. Kazi yote hufanywa na mtambo uitwao Mgawaji, uliojengwa ndani ya mnara katikati ya nchi. Una magurudumu na kamba nyingi mno, na haujasimama tangu ulipowashwa.

Siwema hakwenda kuustaajabia. Alikuwa amefuata madaftari yake.

Miaka minne kabla ya hapo, Kilangawe ilihifadhi Mawinguni madaftari thelathini na moja ya vimo vya mto Mkanga, daftari moja kwa kila mwaka, kwa sababu nyumbani mchwa walikuwa wanayamaliza. Sasa mji ulikuwa unajenga tuta la mawe la kuuzuia mto huo. Mafundi walikuwa wamefunga uzi wa kuonyesha kimo cha tuta, mita saba na nusu, na walitaka kuanza kulaza mawe Jumatatu. Kimo hicho kilitoka kwa watu waliokumbuka yale mafuriko makubwa, na kila mmoja aliyakumbuka kwa namna yake. Siwema aliwaambia wasilaze hata jiwe moja. Mafuriko yale yaliandikwa, katika daftari la kumi na nne, na mpima aliyemtangulia, ambaye sasa ni marehemu. Nyumba mia mbili na kumi zilikuwa chini ya mstari wa tuta. Mwenyekiti wa mji akampa siku nane, kwenda na kurudi.

Ili mtu aelewe yaliyompata, inafaa ajue kwanza desturi ya makasha. Watu wa Mawinguni wanaishi na kufanya kazi ndani ya makasha ya bati, yote ya kipimo kimoja, yaliyopangwa katika vitongoji. Jina na kazi si vya mtu. Ni vya kasha. Anayeketi katika kasha la Kinyozi ndiye Kinyozi. Akiugua, akichelewa, au akisinzia mara tatu, hutolewa kwa heshima, kisha mwingine huketishwa katika kasha jipya lenye jina lilelile, pengine katika kitongoji kingine kabisa. Huyo mpya hajui lolote la mwenzake aliyetoka, wala hatarajiwi kujua. Wenyeji wanajivunia sana jambo hili. Walimweleza Siwema kwamba nchi yao ndiyo pekee ambamo kuondoka kwa mtu hakuharibu kitu.

Kwa kuwa hakuna anayekumbuka, kila cha kukumbukwa huwekwa ghalani. Na sheria inasema ghala moja hushikwa na kasha moja kwa wakati mmoja, kwa ufunguo mmoja, ili watu wawili wasije wakaandika katika daftari moja wakaharibiana kazi. Siwema aliiona ni sheria nzuri. Angeweza kuitunga yeye mwenyewe.

Ghala la Kilangawe lilikuwa na rafu thelathini na mbili na lilitunzwa na kasha lililoitwa Mtunza-Mto, ambaye kazi yake ilikuwa kupitisha wino upya juu ya maandishi yaliyofifia. Siwema alilikuta ghala limefungwa. Mbele ya mlango alikaa mwanamume mnene wa makamo, juu ya kigoda, mapajani ana chupa ya wino, kalamu mpya na karatasi za kukaushia.

"Hujambo, bwana. Wewe ndiye Mtunza-Mto?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana. Hii ni siku yangu ya kumi na mbili katika kazi."

"Nimekuja kuyachukua madaftari ya Kilangawe."

"Hata mimi nayasubiri."

Siwema aliutazama mlango, kisha akamtazama yule bwana. "Unayasubiri kutoka wapi? Si yamo humo ndani?"

"Yamo. Ila ghala limeshikwa."

"Limeshikwa na nani?"

"Na Mtunza-Mto."

"Si wewe?"

"Ni mimi, mama, lakini si mimi huyu. Ni mimi wa kabla." Alisema hivyo bila mzaha, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mimi wa kabla yuko Kitongoji cha Saba, na ufunguo anao. Kitongoji cha Saba hakiitiki."

Kila kitongoji, alieleza, kina kamba inayofika mpaka kwa Mgawaji. Kila baada ya pumzi arobaini kamba hiyo huvutwa mara moja kutoka pande zote mbili, na Mgawaji hujua kwamba watu wa huko wapo. Siku kumi na mbili zilizopita kamba ya Saba ilinyamaza. Mgawaji ulingoja muda uliowekwa, kisha ukaandika kwenye ubao mkuu neno moja, HAKIJULIKANI, ukasimika makasha mapya katika vitongoji vingine, yenye majina yote ya watu wa Saba. Kila kitu kilikwenda sawa. Vinyozi walinyoa, waokaji walioka. Waliokwama ni wale tu waliohitaji ghala, maana funguo zilibaki Saba, na Mgawaji haumpi mtu wa pili ufunguo wa ghala ambalo wa kwanza bado anahesabiwa kulishika.

"Basi watu wa Saba wamekufa," Siwema alisema.

"Hatujui, mama."

"Kuna aliyekwenda kutazama?"

Mtunza-Mto mpya alimkazia macho kama mtu aliyeulizwa kama kuna mtu aliyekwenda kuulamba mlango.

"Kutazama?" akauliza. "Kwa macho?"

Asubuhi iliyofuata Siwema alifika katika Ofisi ya Madai. Karani wa zamu alikuwa mwanamke mchangamfu, ana vidole vyepesi na haraka ya mtu asiyependa foleni.

"Kutokuitika si kufa, bi mkubwa," alisema karani. "Huo ndio msingi wetu."

"Mtunza-Mto wa Saba mmemwita mara ngapi?"

"Mara elfu sita mia tisa na kumi na mbili, mpaka alfajiri ya leo."

Siwema alipiga hesabu kichwani. Siku kumi na mbili, pumzi arobaini kwa pumzi arobaini, pumzi kumi na sita kwa dakika. Idadi ilikuwa sahihi kabisa. Jambo hilo lilimuudhi kuliko kama ingekuwa na kosa.

"Na mara zote hizo hakuitika."

"Bado hajaitika. Lakini usihangaike, hili tunalimaliza sasa hivi." Karani alichomoa karatasi kwenye mtoto wa meza. "Futa dai lako la zamani, andika jipya. Chai yako haijapoa, una ghala jingine. Rafu thelathini na mbili. Ukitaka nakupa sitini na nne. Ukitaka la daraja la Haraka, mlango wake unafunguka kabla hujaugusa. Juzi nimempa bwana mmoja rafu mia kwa ajili ya kofia yake."

"Kofia moja?"

"Alisema huenda akapata nyingine. Na ghala letu huongezwa, halipunguzwi, kwa hiyo ni afadhali kuanza na kubwa."

Siwema hakutaka kujua kama hoja ile ilikuwa na kichwa au miguu. "Nikifuta dai, madaftari yangu yatahamia ghala jipya?"

"Madaftari gani?"

"Yaliyomo ghalani."

"Aa, yaliyomo!" Karani alicheka kwa wema. "Bi mkubwa, hapa ni ofisi ya maghala. Yaliyomo hayatuhusu. Sisi tunakuhakikishia rafu, mlango, ukavu na ufunguo. Weka dhahabu, weka maganda ya ndizi, Mgawaji hauulizi."

Siwema aliomba aletewe dai la awali, lile la miaka minne iliyopita. Alilisoma kuanzia juu kama anavyosoma kila kitu, bila kuruka. Mstari wa tisa ulisema: *Dai likifutwa, yaliyomo: yatunzwe au yachomwe. Asiyechagua amechagua yachomwe.* Mbele ya mstari huo palikuwa patupu. Chini ya karatasi palikuwa na saini ya mpima mto wa Kilangawe, yaani yeye. Aliutazama mwandiko wake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuusoma.

"Nijaze mstari huu sasa," alisema.

"Hairuhusiwi. Mabadiliko huombwa na anayelishika ghala."

"Ambaye haitiki."

"Ambaye bado hajaitika."

"Bi karani, hebu nisikilize vizuri. Nisipofuta dai, mlango haufunguki. Nikilifuta, mnachoma madaftari. Mwenye uwezo wa kuzuia yasichomwe ni mtu mmoja, na huyo mnamwita kwa kamba isiyojibu. Nimekosea wapi?"

Karani alifikiri kwa dhati. "Hujakosea popote," alisema. "Umeielewa haraka sana. Wageni wengi huwachukua wiki."

Siku ya nne Siwema aliruhusiwa kulihutubia Baraza. Alikuta wajumbe wamegawanyika kambi mbili ambazo, kwa kadiri alivyoweza kujua, zilikuwa zikibishana juu ya jambo hilohilo tangu kabla hajazaliwa. Wangojaji walishikilia kwamba asiyeitika asubiriwe, hata kama ni milele, kwa sababu huenda yupo na ufunguo anautumia. Wang'oaji walishikilia kwamba baada ya muda fulani kitasa kiondolewe kwa nguvu. Ule muda fulani wenyewe ulikuwa na kamati yake.

Mngojaji mmoja, mzee mwenye sauti nzito, alipendekeza kila kitongoji kiwekewe kamba ya pili, ya kuitazama ile ya kwanza. Akaungwa mkono. Mwenzake akauliza ni nani ataitazama hiyo ya pili. Ikaundwa kamati.

Siwema aliomba nafasi. "Waheshimiwa, Kitongoji cha Saba kiko umbali gani kutoka hapa?"

Ilibidi ramani ishushwe kutoka ukutani na kupanguswa vumbi. Kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, njia tambarare.

"Basi mtumeni mtu."

Minong'ono ilizagaa. Mwenyekiti wa Baraza, mama mtulivu mwenye miwani ya waya, aligonga meza na kumweleza mgeni kwa upole kwamba desturi ya kutuma watu kutazama ilikomeshwa miaka sitini iliyopita, siku Mgawaji ulipowashwa. Wakaguzi wote walipumzishwa kwa sherehe. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka, na inaitwa Sikukuu ya Kukaa.

"Tukianza tena kwenda kutazama," alidakia Mng'oaji mmoja, "mtambo utakuwa wa nini?"

"Wa kuchonga maghala," Siwema alijibu. "Mnachonga vizuri sana. Sijaona nchi nyingine inayochonga kama nyinyi. Nasema tu kwamba mlango hauna macho."

"Mgeni ana lugha," alisema mtu nyuma, na wengine wakacheka.

Wang'oaji waliona upenyo. Kiongozi wao alishuka kutoka kitini, akamwendea Siwema na karatasi nyingine, hii yenye ukingo mwekundu. "Mama, sisi tuko upande wako. Hii ni Amri ya Kung'oa. Haichomi chochote. Weka saini hapa kwamba Mtunza-Mto wa Saba amekufa, na kabla ya adhuhuri kitasa kinang'olewa, kingine kinawekwa, madaftari unayo. Tena leo hii."

Ilikuwa siku ya nne kati ya nane. Siwema alichukua kalamu. Kwa kweli hakuwa na shaka kubwa. Mtu mmoja anaweza kusahau kuvuta kamba mara moja, lakini kitongoji kizima hakikosi kuitika mara elfu nane na zaidi bila jambo zito kukipata: maporomoko, ugonjwa, moto. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Ushahidi wa kifo uko wapi?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Ushahidi ni saini yako, mama."

Katika miaka kumi na sita ya kazi, Siwema hakuwahi kuandika kimo cha mto bila kusimama mbele ya nguzo ya vipimo. Aliwahi kumwachisha kazi msaidizi aliyeandika kwa kukisia siku ya mvua, na kisio lenyewe lilikuwa sahihi. Aliweka kalamu chini.

"Sijamwona," alisema.

"Hata sisi hatujamwona! Ndiyo maana tunakuomba wewe."

"Nitakwenda kumtazama. Mkiuliza kama inaruhusiwa, mimi si wa hapa."

Kesho yake alianza safari kabla jua halijawa kali, akafika Saba kabla ya saa tano. Maporomoko hayakuwepo, wala moto. Palikuwa na kitongoji cha makasha mia tatu, moshi wa jikoni unatoka, mtu ananyolewa, mikate imeanikwa dirishani. Karibu na lango lilisimama gurudumu, na juu yake mwanamume mwenye mikono mikakamavu alikuwa akihesabu pumzi zake kwa sauti. Alipofika arobaini alivuta kamba kwa nguvu. Kamba ilikuja nyepesi, ikarudi nyepesi.

"Shikamoo, mama," alisema Mvuta-Kamba. "Samahani, siwezi kushuka."

"Marahaba. Unavuta nini?"

"Naitika. Hatujakosa hata mara moja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila mnara umenyamaza. Zamani ukivuta, kule huvutwa kidogo kukujibu. Siku kumi na tano sasa hakuna jibu. Tunadhani huko hakuna watu tena. Wengine wameanza kuwaombea."

"Kuna aliyekwenda kutazama?"

Mvuta-Kamba alimkazia macho. Siwema alikwisha kuyaona macho hayo, na hakusubiri jibu.

Aliifuata kamba kwa miguu. Hatua mia nne tu kutoka langoni, mahali ilipopinda kwenye kona ya jiwe, ilikuwa imesagika mpaka ikakatika. Vipande viwili vilikuwa vimelala kwenye majani, vimeachana kwa urefu wa mkono. Alivipima, akaandika. Kisha alikaa juu ya lile jiwe na kulifikiria Baraza, kamati, kambi mbili na Sikukuu ya Kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile alitamka neno ambalo mpima wa mji hatakiwi kulitamka.

Mtunza-Mto wa Saba alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyeusi kwa wino hadi kwenye viungo. Mezani kwake kulikuwa na daftari lililofunguliwa. Siwema alilitambua jalada lake la kitambaa cha kijani kabla hajasalimu.

"La kumi na nne," alisema.

"Wewe ni wa Kilangawe!" Mwanamke alisimama, akapangusa kiti kwa kanga yake. "Karibu, karibu dada. Nimekaa na mto wenu miaka minne. Hawajawahi kunikuta nasinzia, hata mara moja. Unatafuta yale mafuriko? Utataka nyuma ya ukurasa."

"Nyuma?"

"Mbele ameandika kimo cha jioni, saba na sentimita kumi. Wengi wangeishia hapo. Lakini maji yalipanda mpaka alfajiri, na mbele palikuwa pamejaa, kwa hiyo alfajiri ameiandika nyuma, kwa penseli, chini kabisa kwenye pembe. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilidhani ni doa." Alilifunua kwa ncha ya ukucha. "Nane na sentimita thelathini na sita. Nimeipitishia wino juzi."

Siwema alisoma tarakimu mara mbili, akazinakili, akazilinganisha na alichonakili. Uzi wa mafundi ulikuwa chini ya maji yale kwa sentimita themanini na sita. Kisha jambo la pili lilimjia polepole. Kama jana angeweka saini, ghala lingefunguliwa, naye angekuta madaftari thelathini. Moja lililobaki, la kumi na nne, lilikuwa hapa, kwenye meza ya mwanamke ambaye karatasi ingekuwa imemzika. Na yule bwana mnene wa kwenye kigoda angelitafuta kwa adabu zote, kwa kalamu yake mpya, mpaka mvua zianze.

Alimweleza mambo yalivyo: ubao, neno HAKIJULIKANI, makasha mapya, Mtunza-Mto mwingine. Watu wa kitongoji walikusanyika mlangoni kusikiliza. Mvuta-Kamba alisikiliza kutoka juu, akiendelea kuhesabu.

"Basi tuifunge kamba!" alipaza sauti. "Fundo moja tu!"

"Unaweza," Siwema alisema. "Nami fundo nalijua. Lakini sikilizeni kitakachofuata, maana nimeisoma sheria. Mkiitika, Mgawaji utakuta kila jina lina watu wawili. Nyinyi ndio mtakaohesabiwa kuwa ziada. Nyote mtatolewa kwa heshima, saa hiyohiyo."

Kinyozi alikuwa bado na mkasi mkononi.

"Na tusipofunga?" aliuliza muoka mikate.

"Mtaendelea kutojulikana."

"Siku kumi na tano hizi," Kinyozi alisema taratibu, "hakuna aliyenihesabia kusinzia."

"Mimi jana nimelala mchana," mwingine alikiri. "Nimeamka nikiwa bado ni mimi."

Wakaanza kubishana, na Siwema aliwaacha. Kamba haikuwa yake. Alimgeukia Mtunza-Mto. "Nahitaji yaliyobaki ghalani. Ufunguo unao?"

Mwanamke alionyesha shingoni. "Na ukiyachukua, mimi nibaki natunza nini? Nimebakiza kumi na saba ambayo sijayapitia wino. Mchwa wenu wanajua kula herufi, dada, si karatasi tu." Akaanza kufungasha chupa zake bila kusubiri ajibiwe.

Walifika ghalani siku ya sita. Mtunza-Mto mpya aliinuka kwenye kigoda, akamtazama mwenzake juu mpaka chini.

"Wewe ni mimi?"

"Wa kabla."

"Hujambo?"

"Sijambo. Wino wako mwepesi mno, ndugu yangu. Tia gundi kidogo, la sivyo utapenya upande wa pili."

Ufunguo ulizunguka bila shida yoyote. Karani wa Ofisi ya Madai, aliyeitwa na watu waliouona mlango umefunguka, alikuja mbio na karatasi zake, akazilinganisha moja baada ya nyingine, akatulia. Ghala lilikuwa limeshikwa na Saba, na aliyelifungua alikuwa wa Saba. Hakuna sheria iliyovunjwa.

"Kwa hiyo yupo hai!" alisema kwa furaha ya kweli. "Si nilikwambia, bi mkubwa? Kutokuitika si kufa."

Kwa bahati mbaya karani alikuwa amesema kweli.

"Nitayatoa yaliyomo," alisema Siwema. "Inaruhusiwa?"

"Yaliyomo hayatuhusu. Dai unalifuta?"

"Silifuti. Liacheni kama lilivyo."

Yule bwana mnene aliwasaidia kubeba. Aliomba ashike japo daftari moja kwa muda, akalinusa, akalirudisha. Walipoondoka alikuwa amerudi kwenye kigoda chake mbele ya chumba kitupu, maana ufunguo ulikuwa bado unahesabiwa kuwa uko Saba. Wanaopita huko wanasema ubao mkuu hadi leo unaonyesha kwamba ghala la Kilangawe limeshikwa, ni kavu, na halina hitilafu. Watu wa Saba hawajaifunga kamba, wala hawajakubaliana kutoifunga.

Jumatatu asubuhi, siku ya nane, mafundi walikuwa wamepanga jiwe la kwanza kando ya shimo. Fundi mkuu, Mzee Kapungu, alimtazama Siwema kwa kuudhika kulikokuwa na haki.

"Saba na kumi," alisoma juu ya bega la Siwema, akiukodolea macho ukurasa wa daftari lililofunguliwa. "Na mimi nimefunga saba na nusu. Nimezidisha, tena. Umetusimamisha siku nane kwa hili?"

Mwanamke mwenye vidole vyeusi alinyoosha mkono akaugeuza ukurasa upande wa pili, akaweka ukucha kwenye pembe ya chini.

Fundi mkuu alisoma. Aliutazama mto, ambao siku hiyo ulikuwa unafika magotini, akautazama uzi, akazitazama nyumba zilizo nyuma ya uzi, yake ikiwa ya nne kutoka mwisho. Kisha akaita watu wake waufungue uzi na waende wakaazime ngazi ndefu zaidi.